Boti ya Dada Ilipopandishwa Sumbawanga

Siku dada yangu alipoungua mkono, mimi nilikuwa karakanani kwangu Majengo, hapa Sumbawanga, nimelala chini ya basi dogo nikiziba bampa lililopasuka. Simu iliita nikaiacha. Ilipoita tena nikajikokota kutoka, nikafuta mikono kwenye suruali na kuipokea. Aliyepiga alikuwa mama muuza samaki, jirani wa dada kule Kabwe ziwani. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeonywa asimtishe ndugu wa mgonjwa. Akaniambia boti ya dada imeshika moto, mwenyewe yu hai, wamempakia kwenye gari na wako njiani kuja Sumbawanga.

Nilimwomba radhi mwenye basi nikaenda kusubiri hospitalini.

Dada ni mtoto wa kwanza kwetu, mimi ni wa mwisho. Tumezaliwa Msanzi, kwa wazazi wakulima wa mahindi na ulezi, watu wa jembe na kanisa, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuyategemea maji kwa riziki mpaka dada alipoolewa na mwanaume wa ziwani. Mama alilia siku ile ya harusi. Alisema anamtoa mwanawe kwenye udongo anampeleka mahali ambapo mtu hawezi hata kusimama. Baadaye alimzoea mkwewe, akampenda hata kuliko sisi, lakini ziwa lenyewe hakulizoea. Kila alipoongea na dada kwenye simu, kabla ya kuuliza habari za watoto, aliuliza kama upepo umetulia.

Boti ile aliinunua shemeji. Kambi moja ya watalii ilifungwa, vitu vyake vikauzwa, naye akaja nayo Kabwe akiwa amevimba kifua. Haikufanana na boti nyingine pale ufukweni. Ilikuwa nyembamba, pua ndefu, mwili wa faiba nyeupe, imetengenezwa kwa ajili ya mwendo na si kwa mizigo. Injini zake mbili za petroli, kubwa kama za magari, zilikaa ndani ya boti yenyewe, upande wa nyuma, chini ya mfuniko. Kutoka kwenye injini, vyuma viwili virefu vilipita kwenye matundu ya sakafu ya boti hadi majini, huko vikazungusha propela. Ikiwaka, watu wa vijiji vya mbali waliisikia kabla ya kuiona.

Shemeji alifariki kwa presha, kitandani kwake, miaka michache iliyopita. Watu walidhani dada angeiuza boti. Lakini alishajifunza kuiendesha tangu mumewe akiwa hai, akachukua leseni, akaendelea. Alibeba watu wenye haraka: wagonjwa, wanaowahi msiba, wafanyabiashara wanaofuata mzigo. Kuna vijiji mwambao ule ambavyo gari halifiki, na kwa mtumbwi wa kawaida ni safari ya kutwa nzima. Dada alikuwa akienda na kurudi kabla sufuria ya maharage haijaiva.

Mimi ni fundi wa faiba. Natengeneza bodi za magari, matangi ya maji, hata mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Boti nilikuwa nazifahamu kwa kuziziba tu, na maji yenyewe nilikuwa nayaogopa, sijui kuogelea hadi leo. Lakini petroli naijua. Mvuke wake ni mzito, unashuka chini na kutulia. Kwenye gari unatokea chini ya injini na kupotea. Ndani ya boti hauna pa kutokea. Unakaa pale kwenye sakafu ukisubiri cheche. Boti ile ilikuwa na feni ya kuutoa mvuke kabla ya kuwasha, nayo ilikuwa imekufa zamani. Dada alikuwa anafungua mfuniko, anaacha upepo upite, ananusa, kisha anawasha.

Nilishamwambia mara nyingi aziondoe injini zile, afunge za nje, zile zinazoning'inia nyuma ya boti kwenye hewa. Hakutaka. Alisema injini za kuning'iniza ni za mitumbwi ya wavuvi, na boti hii ina sauti yake. Nilijua kwamba kwake ilikuwa sauti ya marehemu mumewe, nikawa naliacha jambo hilo lipite.

Jioni ile alishushwa kwenye gari akitembea mwenyewe. Nyusi zilikuwa zimeisha zote, na mkono wa kulia umefunikwa kitambaa kilicholoa. Walimsafisha, wakamfunga bandeji hadi kwenye kiwiko, daktari akasema ngozi itarudi. Nilikaa kando ya kitanda chake, akanisimulia akiwa anatazama dari.

Abiria walikuwa bado mchangani, wanakunja suruali na kufunga khanga ili wapande. Yeye alitangulia kuwasha. Alifungua mfuniko akanusa. Harufu ya petroli ilikuwepo, lakini ilikuwepo kila siku, na mtu hawezi kuikataa safari kwa harufu ya kila siku. Akafunga, akazungusha ufunguo. Mfuniko uliruka juu kama kifuniko cha chungu, na moto ukaufuata. Alijirusha majini. Wavuvi wakaja na mablanketi yaliyoloa na ndoo za mchanga, wakauzima kabla haujalifikia tanki.

Kisha akasema, "Kulikuwa na mama ana mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari."

Nilimsogezea kikombe cha maji.

"Zitoe injini zile," akasema. "Funga hizo za nyuma unazozitaka. Lakini ufanye wewe, mdogo wangu. Sitaki fundi mwingine aiguse."

Hapo ndipo hofu iliponihamia mimi. Kumshauri mtu ni rahisi. Sasa nilitakiwa kuziba matundu mawili kwenye sakafu ya boti, kisha watu wakae juu ya kazi yangu katikati ya ziwa lenye kina ambacho sipendi hata kukifikiria.

Kabwe hakukuwa na umeme wa kutosha kwa mashine zangu wala banda la kufanyia kazi bila vumbi, kwa hiyo niliamua boti ipandishwe mjini. Tulimpata mzee mmoja Msukuma, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, mwenye lori la kupeleka mifugo mnadani. Alikubali bila maneno mengi. Tulijaza magunia ya pumba ndani ya lori, tukailaza boti juu yake na kuifunga kamba, pua ikachungulia juu ya kichwa cha dereva. Lori lile lilipita Namanyere na kukata mashamba ya Ufipa likiwa na chombo cha majini kinachonuka ng'ombe. Watu waliokuwa wakivuna ulezi walisimama na visu vyao mkononi wakitutazama mpaka tukapotea. Tuliposimama kunywa chai, mama mmoja alimuuliza mzee kwa upole kama tumepotea njia. Mzee akamjibu kwamba boti inaenda hospitali.

Nyuma ya karakana yangu nilisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, nikafunga winchi ya mnyororo juu yake. Dada alikuwa ametoka wodini, anaishi kwangu, mkono umening'inizwa shingoni. Asubuhi ya kuzitoa injini alisema anakwenda sokoni. Nilimwona akiishia kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, akakaa na kuagiza chai, mgongo ameuelekeza kwetu. Sikumwita. Mimi na vijana wa karakana tulifungua bolti moja moja, nyingine zilikuwa zimeshikwa na kutu tukazikata, na injini ya kwanza ikanyanyuka ikichuruzika oili nyeusi. Ya pili ilitusumbua hadi mchana.

Alirudi tulipokwisha. Injini zilikuwa chini, juu ya mbao, zimeungua upande mmoja. Alizipita. Alipanda kwenye kiti, akachungulia ndani ya boti, mahali zilipokuwa. Alitazama kwa muda, nami nikasubiri alie.

"Kumbe nafasi yote hii," akasema. "Mtu mzima anaweza kulala hapa amejinyoosha. Wagonjwa wangu walikuwa wanakaa wamejikunja."

Kuanzia hapo alikuja karakana kila siku. Alipima kwa mkono wake mzima, akaniambia godoro litakaa wapi, na mtu wa kumshika mgonjwa atakaa wapi. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, sasa nikawa natumwa.

Kazi yenyewe nilianza na ukuta wa nyuma. Ulikuwa mwembamba, haukutengenezwa kubeba kitu, na injini mbili za nje zingeung'oa siku ya kwanza yenye mawimbi. Niliongeza plaiwudi ngumu kwa ndani, nikaikamata kwa faiba, nikaweka na mihimili ya pembeni inayoshuka mpaka sakafuni. Kisha nikageukia yale matundu mawili. Tundu la aina hiyo haulizibi kama unavyoziba chupa. Unasaga kingo zake kwa grenda hadi ziwe mteremko mpana, ndani na nje, kisha unapanga vitambaa vya faiba vilivyoloa gundi, kidogo chini, kikubwa zaidi juu, mpaka kiraka na boti viwe kitu kimoja.

Ilikuwa Juni, na Sumbawanga ya Juni mnaijua wenyewe. Upepo unapita kwenye nyufa za mlango, watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti. Nilichanganya gundi na dawa yake ya kugandisha kama nilivyozoea, nikapanga vitambaa mchana kutwa, nikaenda nyumbani nimeridhika. Asubuhi niliweka kidole kwenye kiraka, kikanasa. Gundi haikuwa imekauka. Kwenye bampa la gari ningesubiri jua, ningeongeza safu, maisha yangeendelea. Hapa nilikaa chini kwenye sakafu ya boti, nikawa natazama lile tundu.

Nilimwambia dada palepale kwamba kazi imeharibika na lazima niibandue yote. Aliuliza kama boti imeharibika pia. Nikasema hapana. Akasema basi nibandue.

Baridi ndiyo ilikuwa adui. Gundi ile inahitaji joto ili igande, na jiko la mkaa singeweza kulisogeza karibu, kwa sababu harufu ya gundi yenyewe inashika moto. Tulikuwa tumeonja moto mmoja na ulitosha. Nikaifunika boti nzima kwa maturubai, ikawa kama hema. Uani, mbali na pale, mke wangu na dada walichemsha maji kwenye sufuria kubwa za shughuli, wakajaza madumu, tukayaingiza chini ya hema, upande huu na upande ule, na yaliyopoa tukayatoa na kuyarudisha jikoni. Wateja waliokuja kuchukua magari yao walijikuta wanabeba madumu. Humo ndani mlikuwa na joto la Kabwe kabisa. Nilifanya kazi nimevua shati, jasho linanidondoka, wakati nje watu wamevaa kofia za sufu.

Safari hii gundi iliganda, ukiigonga inalia kama sahani. Nilipiga kiraka kwa kijiko, juu, chini, kingoni, nikisikiliza. Kila mahali sauti ilikuwa ileile, kavu. Mke wangu aliponiletea uji alinikuta nimelala chali chini ya boti nikigonga kwa kijiko, akaniuliza kama nimeanza kuugua.

Injini mpya zililetwa na lori la mizigo kutoka Mwanza, zote mbili zimefungwa kwenye maboksi ya mbao. Sikuzifunga mjini. Tuliirudisha boti Kabwe kwa lori lilelile la ng'ombe, tukateremka ule ukingo wa milima taratibu, dereva akishikilia gia ndogo, na kadri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua makoti. Ufukweni tuliziinua injini kwa mikono ya wanaume, nikazikaza kwenye ukuta wa nyuma, nikapitisha nyaya na mipira ya mafuta. Tanki nililisogeza mbele na kuliweka mahali penye hewa.

Mama alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kutoka Msanzi. Hakuuliza upepo. Aliniita kwa jina la kazi yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya: "Fundi, boti itashika?"

Nilimwambia itashika. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyoamini.

Kabla ya kuishusha nilimwomba yule mama muuza samaki unga wa muhogo, nikaunyunyiza juu ya viraka kwa ndani, ukawa mweupe na mkavu. Tone moja tu la maji lingeonekana pale. Wanaume wakaisukuma. Dada alikaa kwenye usukani, mimi nikapiga magoti nyuma, uso wangu karibu na unga. Boti ikaelea. Nilihesabu pumzi zangu. Unga ulibaki mweupe. Kisha, pembeni ya kiraka cha kushoto, nikaona doa la rangi ya kijivu. Likakua, likawa na ukubwa wa shilingi, halafu la pili likatokea karibu yake.

Nilimwita dada, akageuka, nikanyoosha kidole. Aliinama kutazama, na nilipomwona ameinama, tone jingine lilidondoka mbele ya macho yangu. Lilitoka kwenye upindo wa kitenge chake. Alikuwa amepanda boti akitokea majini, nguo imelowa hadi magotini, na maji yake yalikuwa yamechuruzika sakafuni hadi kwenye unga.

Tulitazamana. Alikamua kitenge nje ya boti, akakunja upindo, akarudi kwenye usukani. Nilifuta doa, nikanyunyiza unga mwingine, na unga ule ulikaa mkavu mpaka tuliporudi. Mimi nilirudi nacheka.

Haikuwa safi mara moja. Alipoongeza mwendo, pua ilipanda juu tukawa tunaona anga tu, kwa sababu uzito wote sasa ulikuwa umening'inia nyuma. Tulirudi, nikahamishia betri mbele, tukaweka na magunia mawili ya mchanga pale abiria wa mbele wanapokaa, na pua ikashuka. Halafu kwenye kona injini ya kulia ikawa inapiga kelele bila kusukuma. Propela ilikuwa juu mno, inavuta hewa. Niliishusha tundu moja la bolti, tukajaribu tena. Safari hii boti ilitulia juu ya maji na kwenda, na kona aliikata kama mtu anayegeuza ukurasa.

Tulipokuwa mbali na ufukwe dada aliongea, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka. "Upo salama huko nyuma?"

Nikasema nipo salama.

"Nimekusikia," akasema. Akapunguza mwendo kidogo. "Miaka yote hii sijawahi kumsikia abiria hata mmoja. Mtu akiugua zaidi njiani nilikuwa najua tukishafika."

Akageuza boti, tukarudi Kabwe.

Mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja, akazunguka boti, akapiga ukuta wa nyuma kwa kiganja, akataka aone majaketi ya kuokolea na kizima moto, akaruhusu. Jioni ile tulikula migebuka, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo nyumbani kwa dada. Alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado na ngozi mpya ya rangi ya waridi, na mara mbili nilimkuta amesimama mlangoni akiitazama boti ilivyofungwa.

Nilirudi Sumbawanga nikaendelea na mabampa. Wiki haijaisha dada akapiga simu nikiwa na grenda mkononi. Aliniambia alikuwa amempeleka hospitali mke wa mvuvi mmoja wa kijiji cha mbali, tumbo limemkamata vibaya. Walimlaza kwenye godoro kule nyuma, shangazi yake akamshika kichwa, na njia nzima dada alimsikia akiomba maji, akawa anamjibu kwamba wanakaribia. Wamempasua. Yuko hai, ameshakunywa uji.

Nilizima grenda. Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri, nikamwambia arudi kesho. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikampigia mama.